SOMO: SIKU MOJA PEKE YETU NA PIKIPIKI KATI YA MAZIWA YA MILIMANI



Akina mama wawili walikuja ofisini kutuomba tuandike kuhusu vijana wetu wanaoendesha pikipiki. Vijana hawa hutumwa mbali na mizigo, wengine hata milimani, na huko huenda peke yao. Mama anabaki nyumbani anahesabu saa. Tumeona maonyo matupu hayatasaidia, kwa sababu vijana wamekwisha kuyasikia mengi. Tutaeleza safari moja tuliyoifanya wenyewe mwezi wa Julai 2019, kutoka Kabale hadi Kisoro, siku nzima kwa barabara za udongo, na katika maelezo hayo tutajifunza namna ya kupita.

Tunaposema "sisi" msomaji asifikiri tulikuwa kikundi. Hiyo ni desturi ya gazeti letu. Barabarani tulikuwa mtu mmoja, pikipiki moja na mkoba mmoja. Ndugu aliyepaswa kuja nasi alipata wito wa ofisi siku ile, na familia tatu za kwetu wanaokaa Kisoro walikuwa wanatungojea.

KWANZA TUIJUE NCHI

Kusini-magharibi mwa Uganda, pale Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana, kuna milima ile ya volkano ambayo watu wa Rutshuru tunaijua tangu utoto, ila sisi tuliizoea kutoka upande wa pili. Muhabura una mita 4,127. Mgahinga una mita 3,474. Sabinyo, ule wenye meno, kilele chake ndicho mpaka wa nchi zote 3.

Zamani sana mawe yaliyoyeyuka yalitoka katika volkano hizi, yakateremka, yakapoa na kuziba mabonde. Mito ikakosa njia. Maji yakajaa nyuma ya ukuta ule wa mawe na kuingia katika kila bonde dogo la pembeni. Ndiyo sababu maziwa ya huko hayana umbo la sahani. Yana vidole vingi, na barabara inalazimika kuzunguka kila kidole. Unaona nyumba ng'ambo ya maji, unasikia hata mbwa wake akibweka, lakini kuifikia ni saa nzima. Mgeni akipima safari kwa macho atapotea hesabu.

Bunyonyi ndilo refu, kama kilomita 25, lina visiwa 29, na liko juu sana, karibu mita 1,960 kutoka usawa wa bahari. Jina lake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Mutanda liko chini zaidi, karibu na Kisoro, na jirani yake ni Mulehe. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Maji ya Bunyonyi hutokea upande wa kaskazini, karibu na Muko, yanateremka hadi Mutanda. Kutoka Mutanda unaanza mto Rutshuru. Ndiyo, Rutshuru ule ule wetu. Unaingia Kongo, unapita nchi yetu na kumwaga maji yake katika Ziwa Edward. Kwa hiyo mtu anayetoka Bunyonyi kwenda Mutanda anafuata maji yanayoelekea kwetu.

JIONI KABLA YA SAFARI

Ndugu mmoja wa Kabale alituazima pikipiki, au moto kama tunavyosema kwetu Kongo, ya cc 100. Ni ndogo, na ndogo ndiyo nzuri kwa njia hizo. Ikianguka, mtu mmoja anaiinua. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya mtu anayekwenda peke yake: kila kitu ulicho nacho lazima uweze kukiinua, kukifungua na kukirudisha bila mkono wa pili.

Tuliangalia mnyororo, ucheze kiasi cha vidole viwili, usikaze wala usilegee. Tuliangalia breki zote mbili, matairi, na kebo ya klachi mahali inapoingia kwenye mkono, kwa maana hukatikia hapo. Katika mkoba tuliweka pampu, tyubu moja mpya, viraka, gundi, msasa, spana, kebo moja ya klachi, waya na kipande kirefu cha tyubu ya zamani cha kufungia kitu chochote. Maji lita 2. Chapati na ndizi. Fedha tuliigawa mahali pawili. Koti la mvua tuliliweka juu kabisa, kwa sababu mvua haikungojei ufungue mkoba.

Karatasi zetu zilikuwa kitambulisho cha mkimbizi, barua ya ruhusa kutoka ofisi ya kambi, na leseni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, ikiwa na masharti yake, lakini askari wa njiani hakai na kitabu cha sheria. Barua inafupisha maneno.

Kitu cha mwisho ndicho tunachotaka kila nyumba ikijue. Tuliandika karatasi ya njia, nakala mbili, moja tukamwachia mwenyeji wetu. Ilisema tunapita wapi, tutakuwa Muko saa ngapi, Rubuguri saa ngapi, na kwamba tusipopiga simu kabla ya saa 1 ya jioni ampigie mtu fulani wa Kisoro. Chini kabisa tuliandika saa ya kugeuka. Mpango wetu ulikuwa kwamba baada ya Rubuguri, kwenye njia panda, tuchukue njia ya Nkuringo hadi ukingo unaotazama Kongo, tuone, kisha turudi na kuteremka Mutanda. Tuliandika hivi: "Ikiwa tumefika njia panda baada ya saa 7, ukingo hatuendi." Tuliandika jioni, tukiwa tumeshiba na hatuna haraka. Saa ya kugeuka haipangwi barabarani, kwani barabarani mtu huwa tayari anataka kufika.

BUNYONYI

Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi. Baridi ya Kabale mnaijua wale mliowahi kulala huko. Tuliweka magazeti ya zamani kifuani chini ya koti, na magazeti hayo yalitusaidia kuliko sweta.

Kutoka mjini barabara inapanda mgongo wa kilima, halafu ziwa linaonekana chini ghafla. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na visiwa vimetokeza migongo tu, kama ng'ombe wanaovuka mto. Kimoja kinaitwa Bwama. Mwaka 1931 daktari mmishenari Leonard Sharp alianzisha huko makao ya wagonjwa wa ukoma, watu waliokuwa wamefukuzwa vijijini. Kingine, kidogo sana, ni Akampene, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe. Visiwa viwili katika ziwa moja. Tulisimama kidogo kuvitazama, tukaendelea.

Hapa kuna mambo mawili ya kujifunza.

La kwanza ni upande wa barabara. Kongo tunapita kuume, Uganda ni kushoto. Mjini husahau, kwa sababu magari yenyewe yanakukumbusha. Lakini kwenye njia ya udongo ambayo ina mfereji mmoja tu uliokanyagwa, kila mtu anapita katikati, kisha kwenye kona lori linatokea. Katika mshtuko ule mkono unarudi kwenye desturi ya kwanza, yaani kuume, na kuume ndiko lori linakokuja. Dawa yake ni kufanya kabla ya kushtuka. Kila kona isiyoonekana mwisho, sogea kushoto, punguza mwendo, piga honi. Hata kama umepita kona 30 bila kukutana na mtu.

La pili ni kuteremka. Vijana wetu wana tabia ya kuzima injini wakiteremka, au kuweka gia huru, eti wanaokoa petroli. Tuhesabu. Pikipiki ndogo inakwenda kama kilomita 40 kwa lita moja katika milima. Mteremko wa kilomita 5 hata ungetumia petroli kama njia ya tambarare, akiba yake haijai kikombe cha chai. Na umetoa nini kwa kikombe hicho? Injini iliyo katika gia ndogo inashikilia pikipiki nyuma kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Ukiizima, mzigo wote unaangukia breki. Breki za pikipiki hizi zinakaa ndani ya ngoma ya chuma. Zikisugua muda mrefu zinapata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Unakanyaga, pikipiki inaendelea. Kwenye njia za Bunyonyi hakuna ukuta pembeni, ni migomba, viazi, kisha maji.

Kanuni ya wazee wa barabara ni rahisi: teremka na gia ile ile ambayo ungepandia. Breki ya nyuma iguse na kuachia, iguse na kuachia. Ya mbele itumie pale tu gurudumu limenyooka na udongo ni mgumu; kwenye changarawe iliyolegea au kwenye kona inalala chini pamoja nawe. Na macho yatazame unakotaka kwenda. Ukikodolea macho shimo, utaingia shimoni. Hatujui ni kwa nini mwili una tabia hiyo, lakini inao.

MUKO HADI RUBUGURI

Muko tulifika saa 3 na dakika 40, tukanywa chai, tukampigia mwenyeji wetu. Pale barabara ya lami ya Kabale na Kisoro inapita, na mtu mwenye haraka anaichukua, anapita msitu wa Echuya na kufika Kisoro mapema. Sisi tulivuka lami tukashika tena udongo kuelekea Rubuguri. Tunasema hali ya 2019. Anayepita leo aulize kwanza, kwa sababu barabara hubadilika.

Njia ile imechimbwa ubavuni mwa milima. Vumbi lilikuwa jingi. Akina mama walikuwa wanapanda na viazi kichwani, na hapo tunaomba vijana wasikie: kupita mbio karibu na mtu aliyebeba mzigo ni kumlisha vumbi, naye hana mkono wa kujifunika. Tulipunguza, tukasalimu kwa Rukiga kidogo tulichonacho, "Agandi," wakacheka namna tulivyotamka. Safari ya mtu mmoja ni nzuri kwa hilo. Ukiwa peke yako watu wanakuongelesha.

Kuna sehemu unaona msitu wa Bwindi, mweusi, unaanza ghafla pale mashamba yanapokoma kama mtu amekata kwa kisu. Mwaka 1991 msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa, Watwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa, na wengi hawakupewa ardhi nyingine. Watalii wanaokuja kuona sokwe hulipa fedha nyingi. Sisi tuliofukuzwa kwetu tunapita pale tukiwa na mawazo yetu.

Baada ya Rubuguri tairi la nyuma lililegea. Jiwe jembamba, kali kama jino, lilikuwa limeingia. Tuliisukuma pikipiki hadi mahali pana, mbali na kona, na watoto saba wakaja kukaa mstari mmoja kututazama. Kazi ilitumia dakika 50. Tuliweka tyubu mpya, halafu ile iliyotoboka tukaiziba pale pale ili tuwe tena na akiba. Wengi wanakosea mahali pamoja: wanatoa tyubu, wanaziba, wanarudisha, na kabla ya kilomita moja upepo umetoka tena. Ni kwa sababu jiwe au msumari bado uko ndani ya tairi. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Sugua tyubu kwa msasa, paka gundi, ngoja mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ile dakika ya kungoja gundi ndiyo vijana hawaiwezi.

NJIA PANDA

Tulifika njia panda saa 8 kasoro dakika 10.

Palikuwa na kibanda na vijana wawili wenye pikipiki. Walisikia namna tunavyosema wakajua tumetoka wapi, na sisi tulijua lugha yao, kwa maana Kifumbira cha huko na Kinyarwanda cha kwetu Bwisha ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akasema, "Mchungaji, umefika hapa halafu unarudi? Fika Nteko. Kutoka pale Kongo iko mbele ya macho. Ukitaka hata kuvuka, watu wanavuka kila siku ya soko, hakuna anayekuuliza."

Tulitaka sana. Hatutaficha hilo. Kwa miaka 11 tulikuwa hatujaona mlima ulio nyuma ya shamba la baba yetu, na kutoka ukingo ule, siku isiyo na mawingu, unaweza kuutambua. Ukingo ulikuwa kama saa moja tu, kwenda na kurudi.

Lakini karatasi ilikuwa mfukoni. Ilisema saa 7, nayo ilikuwa karibu saa 8. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushika Muhabura hadi kiunoni, na mteremko wa Mutanda ulikuwa mbele yetu, udongo mtupu.

Kuhusu kuvuka tuseme kwa uwazi, kwa sababu wengi katika makazi yetu wanajaribiwa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na sheria ya Uganda pia, inasema kwamba mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kukoma kuwa mkimbizi. Kuvuka mara moja kwenda kutazama kaburi hakufuti ukimbizi wako papo hapo. Lakini kunafungua maswali, na maswali hayo atajibu mke, watajibu watoto, siku ambayo faili la familia liko mezani. Tena ukipata ajali upande wa pili, au ukikutana na watu wenye bunduki, hakuna anayejua uko huko. Karatasi yako ya njia inasema uko Mutanda.

Tuliwashukuru vijana wale, tukanunua soda tatu, tukanywa pamoja, na tukaelekeza gurudumu chini.

MUTANDA

Mvua ilitukuta katikati ya mteremko. Haikuwa kubwa, ila udongo wa kule ukilowa kidogo tu unakuwa kama sabuni, na mbaya zaidi ni dakika 15 za kwanza, wakati juu pamelowa na chini bado ni pakavu. Tulisimama chini ya mti wa mkaratusi, kisha tukaona ni upumbavu kusimama chini ya mti mrefu mlimani wakati wa radi, tukahamia kwenye ubaraza wa nyumba moja. Mzee mwenye nyumba alitutolea kiti na kikombe cha obushera, kinywaji cha mtama. Tulikaa nusu saa.

Tulipoondoka tulikwenda kwa gia ya pili, mkono mwepesi, miguu yote kwenye vikanyagio. Kijana mwenye hofu hushusha miguu chini akifikiri itamsaidia. Kinyume chake, uzito unahama, gurudumu la nyuma linaelea, na mguu ndio unaovunjika. Mahali pabaya zaidi tulishuka, tukatembea kando ya pikipiki huku injini ikiwaka na gia ya kwanza imeshika. Hakuna aibu katika kutembea. Aliyekuwa anatutazama alikuwa mbuzi.

Halafu mawingu yakafunguka chini, si juu, na Mutanda likaonekana lote, pamoja na visiwa vyake, maji yenye rangi ya majani ya kabichi. Tulifika ukingoni saa 10 na nusu. Mvuvi alikuwa anafunga mtumbwi wake wa gogo. Tuliosha matope mikononi. Aliuliza tunatoka wapi, tukasema Rutshuru. Akanyoosha mkono upande ambao maji hutokea, akasema, "Basi haya yanatangulia." Akaendelea kufunga kamba yake.

Kisoro tuliingia saa 11 na dakika 40. Petroli yote haikufika lita 4. Tulipiga simu Kabale kabla hata ya kuvua kofia, na mwenyeji wetu akatusomea karatasi yake mstari kwa mstari, akiweka alama.

Tangu safari ile mambo ya mpakani yamebadilika. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilichukuliwa na M23, na maelfu ya watu wetu walivuka kuingia Kisoro. Wengi wenu mnaosoma hapa mlipitia kituo cha Nyakabande wakati huo, mkayaona maji haya mkiwa na watoto mgongoni, bila nafasi ya kuuliza yanakwenda wapi.

TANGAZO LINALOHUSU SOMO HILI

Karatasi za njia zimechapwa, ziko kwa katibu wa kanisa, hazilipiwi. Zina nafasi ya jina la dereva, njia, saa za kufika, saa ya kugeuka, na nambari mbili za simu. Nakala moja inabaki nyumbani, kwa mama au mke, si kwa rafiki wa kijiwe.

Jumamosi saa 8 mchana, nyuma ya kanisa, tutafundisha kuziba tyubu na kubadilisha kebo ya klachi. Wasichana pia waje. Kila mtu alete tyubu moja iliyotoboka. Msasa na gundi vipo, pampu tunayo moja tu, kwa hiyo mwenye pampu aje nayo.